Neno "get" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejifunza Kiingereza hukutana na "get" mapema sana. Anaambiwa maana yake ni "pata", anaandika daftarini, anasonga mbele. Baadaye anasikia "I got up", "it's getting late", "I don't get you", na ile "pata" yake haimfikishi popote. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi miongoni mwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili. Anayeanza asome kutoka juu. Aliyekwisha kuizoea lugha aruke moja kwa moja hadi kwenye swali linalomsumbua.

Kwa kifupi, "get" maana yake nini?

Ni kutoka katika hali moja na kuingia katika nyingine. Hukuwa na kitu, sasa unacho. Hukuwa mahali, sasa umefika. Ulikuwa na nguvu, sasa umechoka. Jambo lilikuwa gizani, sasa umelielewa. Mahali pote hapo pana badiliko, na Kiingereza cha mazungumzo hulibeba badiliko hilo kwa neno hili moja dogo. Ni badiliko la aina gani, "get" yenyewe haisemi. Linalosema ni neno linalofuata.

Basi nitajuaje maana iliyokusudiwa?

Usiikodolee macho "get". Tazama kilicho mbele yake. Chukua sentensi tano zenye mtendaji yuleyule.

"She got a letter." Mbele kuna nomino, kwa hiyo alipata au alipokea barua.

"She got angry." Mbele kuna kivumishi: alikasirika.

"She got home." Mbele kuna mahali: alifika nyumbani.

"She got paid." Mbele kuna kitenzi kilichogeuzwa kuwa cha kutendwa: alilipwa.

"She got him to sing." Mbele kuna mtu, kisha "to" na kitenzi: alimshawishi aimbe.

"Got" haikubadilika hata herufi moja, lakini Kiswahili kimetoa vitenzi vitano mbalimbali. Ukijizoeza kusoma hadi neno la pili kabla ya kuamua maana, sehemu kubwa ya fumbo imeshafumbuka.

Kwa nini nisitumie "pata" kila mahali? Mbona nayo ina maana nyingi?

Ni kweli, "pata" ni kitenzi kipana. Tunapata kazi, tunapata homa, tunapata usingizi, tunapata ajali, tunapata hasara, tunapata mtoto. Tatizo ni kwamba upana wa "pata" na upana wa "get" haulingani. Mahali pengine hukutana: "get a job", "get a fever", "get some sleep" ni Kiingereza safi. Mahali pengine huachana, na hapo ndipo makosa mengi ya wasemaji wa Kiswahili yanapozaliwa.

"I got an accident" ni kosa tunalolisikia kila siku. Sema "I had an accident". "We got a baby" inaweza kumfanya msikilizaji adhani mtoto mmemchukua mahali. Aliyejifungua husema "We had a baby". Hasara haisemwi "get a loss" bali "make a loss". Kupata fahamu baada ya kuzimia ni "come round" au "regain consciousness". Na kupata matatizo si "get problems". Ukisema "have problems" umesema una matatizo. Ukisema "get into trouble" umesema umeingia matatani, mara nyingi kwa kosa lako mwenyewe.

Hakuna kanuni moja itakayokuokoa hapa. Jifunze kila jozi kama ilivyo, nomino na kitenzi chake pamoja.

"Get" ikifuatwa na kivumishi, nitafsirije?

Tafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili, maana karibu kila mara kipo. Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. "Get tired" ni kuchoka. "Get drunk" ni kulewa. "Get wet" ni kulowa. "Get old" ni kuzeeka, "get fat" ni kunenepa, "get thin" ni kukonda, "get lost" ni kupotea, "get angry" ni kukasirika, "get better" ni kupona au kupata nafuu, "get used to" ni kuzoea. Kiingereza kinahitaji maneno mawili. Kiswahili kimeliweka badiliko ndani ya kitenzi chenyewe.

Ugumu unakuja unapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na chanzo chake ni kiambishi "-me-". Tukisema "nimechoka" tunaeleza hali tuliyo nayo sasa. Mwanafunzi anaona "-me-", anakumbuka kwamba shuleni "-me-" ilifundishwa kama "have", anaandika "I have tired" au "I have got tired". Anachotaka kusema ni "I am tired" tu. Vivyo hivyo "nimepotea" ni "I'm lost", "nimelowa" ni "I'm wet", "nimekasirika" ni "I'm angry". Hali iliyokwisha kutulia huchukua "be".

"Get" huja pale unapolitazama badiliko lenyewe. "Nilichoka njiani" ni "I got tired on the way". "Huchoka haraka" ni "He gets tired quickly". "Naanza kuchoka" ni "I'm getting tired". Soma tena hizo tatu ukilinganisha na "I'm tired", na hutayachanganya tena.

Kwa mtindo huohuo, giza likiwa linaingia Kiingereza husema "It's getting dark", na muda ukiwa unakwenda husema "It's getting late". Unapotaka kusema kwamba jambo linazidi kuwa hivi au vile, "getting" ndiyo njia ya kawaida kuliko zote: "getting worse" ni kuzidi kuwa mbaya, "getting harder" ni kuzidi kuwa gumu.

"Get" na "become" ni kitu kimoja?

Mbele ya kivumishi hukaribiana, ila "become" ni nzito na rasmi zaidi. Mbele ya nomino hutengana kabisa. "I want to become a teacher" ni nataka kuwa mwalimu. "I want to get a teacher" ni nataka kumpata mwalimu wa kunifundisha. Ukijichanganya kwenye maombi ya kazi, msomaji atabaki akijiuliza unaomba kazi gani.

Ni "get married to" au "get married with"?

"To". Sisi huoana *na* mtu, ndiyo maana "with" hutujia mdomoni, lakini Kiingereza husema "She got married to a doctor". Waweza pia kuiacha "get" kabisa: "She married a doctor", bila "to" wala "with". Na kumbuka tofauti ya tukio na hali: "They got married in June" inazungumzia harusi, "They are married" inasema ni mume na mke.

"He was fired" na "He got fired" zinatofautiana?

Zote ni "alifukuzwa kazi". Ya pili ni ya mazungumzo, na inalitazama jambo kama kitu kilichomfika mtu. Ndiyo maana hupenda kuandamana na mambo ya kuumiza au ya bahati: "got hurt" aliumia, "got robbed" aliibiwa, "got caught" alikamatwa, "got promoted" alipandishwa cheo.

Kuna faida nyingine ambayo vitabu huipita haraka. "The window was broken" ina maana mbili: dirisha lilivunjwa, au lilikuwa limevunjika tayari ulipolikuta. "The window got broken" ina maana moja tu: lilikuwa zima, likavunjika. Pale unapotaka tukio lisichanganywe na hali, "get" ni msaada mkubwa.

Ila haiendi na kila kitenzi. Vitenzi vya hali kama kujua, kupenda na kumiliki huikataa. Sema "He was liked by everyone", usiseme "He got liked by everyone".

"I've got" ni "nimepata"?

Mara nyingi, hapana. "I've got two sisters" ni "nina dada wawili". Hakuna aliyewapata leo. Hapa "have got" ni "have" ya kawaida iliyovaa nguo za mazungumzo, na hutumika kwa wakati uliopo. Wakati uliopita rudi kwenye "had": "I had two bags", si "I had got two bags", ukimaanisha ulikuwa nayo.

Kwa maswali una njia mbili. "Have you got a pen?" ni sahihi, na "Do you have a pen?" ni sahihi. Kuziunganisha na kupata "Do you have got a pen?" si sahihi popote. Kukanusha nako ni hivyohivyo: "I haven't got time" au "I don't have time". Waingereza huitumia sana ya kwanza. Wamarekani hupenda ya pili.

Katika mazungumzo ya haraka na katika nyimbo utasikia "I got" bila "have", kwa maana ileile ya "nina". Ielewe unapoisikia, lakini usiiandike kwenye mtihani.

"Got" na "gotten", ipi ni sahihi?

Inategemea unafuata Kiingereza cha wapi. Uingereza husema "get, got, got". Marekani husema "get, got, gotten", na huitumia tofauti hiyo kwa ustadi. Mmarekani akisema "I've got a new job" ana maana anayo kazi mpya. Akisema "I've gotten a new job" ana maana ameipata. Mwingereza husema "I've got a new job" kwa yote mawili, na muktadha humaliza kazi.

Wako wanaoamini kwamba "gotten" ni uharibifu wa Wamarekani. Si kweli. Ni umbo la zamani. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 nchini Uingereza imemwandika Hawa, katika Mwanzo 4:1, akisema "I have gotten a man from the LORD" baada ya kumzaa Kaini. Waingereza ndio walioliacha umbo hilo baadaye katika lugha yao rasmi, huku ng'ambo ya bahari likiendelea. Hata wao hawakuliacha lote: bado husema "forgotten", na mali ya dhuluma huiita "ill-gotten gains".

Shauri letu ni kuchagua upande mmoja na kubaki nao ndani ya andiko moja. Ukichagua Marekani, usiitumie "gotten" kwa kumiliki wala kwa ulazima.

Ulazima? "Got to" inaingiaje hapo?

"I've got to go" ni "inanibidi niondoke". Katika matamshi ya haraka hugeuka kuwa "gotta", ambayo utaiona hata kwenye ujumbe wa simu. Ni sauti ya mazungumzo iliyoandikwa, kwa hiyo barua ya kazini si mahali pake.

Sasa iondoe "have", uache "I got to go" kwa wakati uliopita: "When I was ten, I got to go on a plane." Hakulazimishwa na mtu. Alipata nafasi ya kupanda ndege, na anaikumbuka kwa furaha. "Get to" kabla ya kitenzi ni fursa, ni bahati, ni kuruhusiwa jambo ambalo wengine huenda hawalipati. "You get to choose" ni "wewe ndiye utakayechagua". Ulazima na upendeleo vimetenganishwa na kineno ambacho mtu hukimeza akiwa anazungumza haraka. Ndiyo maana msikilizaji mzuri hutega sikio kwenye sentensi nzima.

Ni lini "get" huhitaji "to" mbele ya mahali?

"Get to the station", "get to work", "get to London": weka "to". "Get home", "get here", "get there": usiiweke. Kuuliza njia ni "How do I get to the station?", nitafikaje kituoni.

Maana hii ya kufika huenda mbali kuliko barabara. "We got to page 50" ni tulifika ukurasa wa 50. "I'm getting nowhere" husema mtu anayehangaika bila matokeo. Kwa Kiswahili ni yule anayetwanga maji kwenye kinu.

"I got my hair cut": kwa nini isiwe "I cut my hair"?

Kwa sababu Kiingereza kinataka kujua nani alishika mkasi. Sisi husema "nimenyoa" hata kama kazi yote imefanywa na kinyozi, na kila mtu anaelewa. Kwa Kiingereza, "I cut my hair" inamwambia msikilizaji kwamba ulisimama mbele ya kioo ukajikata mwenyewe. Ikiwa ulikwenda kwa fundi, mpangilio ni "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha kutendwa: "I got my hair cut", "I got my phone fixed", "I need to get this dress altered". Mpangilio huo haubadilishwi. Ukisema "I got fixed my phone" sentensi imevunjika.

Na "get him to do it"?

Hapa unamfanya mtu mwingine atende, kwa kumwomba, kumbembeleza au kumshawishi. "I got my brother to drive me" ni nilimwomba kaka anipeleke kwa gari, akakubali. Ndani yake kuna harufu ya juhudi. "Make" ni ya nguvu zaidi na haitaki "to": "They made him pay", walimlazimisha alipe. "Get" lazima iwe na "to": "They got him to pay", walifanikiwa kumlipisha.

Hata vitu vinaweza kubembelezwa hivi. "I can't get the car to start" ni gari limekataa kuwaka.

Simu inalia, mtu anasema "I'll get it". Atapata nini?

Atapokea simu. Mlango ukibishwa na mtu akasema "I'll get it", atakwenda kufungua. Kalamu ikianguka na mtu akasema "I'll get it", ataiokota. Watu wanapomaliza kula na mmoja akasema "I'll get this", anajitolea kulipa. Sentensi ni ileile karibu neno kwa neno, na kinachoitafsiri ni kile kinachotokea chumbani. Mkalimani asiyeona chumba hapa hana pa kushika.

Uzito wake wote ni huu: "nitalishughulikia mimi, wewe kaa".

"I'll get you" ni ahadi au ni tishio?

Ikikomea hapo, ni tishio: nitakukomesha. Ikifuatwa na kitu, ni wema: "I'll get you a chair" ni nitakuletea kiti. Kitenzi chetu cha kutendea, "letea" au "chukulia", ndicho kinacholingana na muundo huu wenye mtu na kitu mfululizo. "Go and get your sister" ni nenda kamlete dada yako. "Get help!" ni tafuta msaada.

Angalia upole lakini. "Niletee maji", ikisemwa kwa sauti nzuri, haimuudhi mtu. "Get me some water" ikisemwa vivyo hivyo husikika kama amri kwa mtumishi. Tumia "Could you get me some water, please?" Kwa mhudumu wa mgahawani vijana wengi husema "Can I get a coffee?", mtindo ulioenea sana Marekani. Waingereza wa umri mkubwa wapo wanaokerwa nao, kwa kuwa masikioni mwao "get" hapo ni kwenda kujichukulia mwenyewe. "Can I have" haimkeri yeyote.

Ni lini "get" ina maana ya kuelewa?

Katika mazungumzo, kila siku. "I get it" ni nimeelewa. "I don't get the joke" ni sijauelewa utani huo. "Did you get that?" ni umelisikia na kulielewa nililosema? "Don't get me wrong" ni usinielewe vibaya, na husemwa kabla ya kutoa maoni yanayoweza kuudhi. "Got it" peke yake ni jibu la kukubali maelekezo: sawa, nimeelewa.

Kwa maana hii, usiipeleke kwenye hali ya kuendelea. "Are you getting me?" tunaisikia kwa walimu na wahubiri wengi, na kila anayezungumza Kiswahili anajua imetoka wapi, lakini mzungumzaji mzawa wa Kiingereza atashangaa kidogo. "Do you get me?" au "Do you see what I mean?" zinatosha.

Ukiulizwa swali usilo na jibu lake, unaweza kusema "You've got me there", hapo umeniweza.

Vitenzi kama "get up", "get over", "get by" nitavikariri vipi?

Usivikariri kwa orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti. Vichukue vichache vinavyohusu siku yako, kisha ongeza polepole.

Anza na "get up", ambayo wengi huichanganya na "wake up". "Wake up" ni kufumbua macho. "Get up" ni kutoka kitandani. "I woke up at six but I didn't get up until seven": niliamka saa kumi na mbili, lakini sikutoka kitandani hadi saa moja.

Kisha vyombo vya safari. Basi, treni, ndege na meli ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Kipimo chepesi ni hiki: chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on". Farasi, baiskeli na pikipiki, ambavyo mtu huvikalia kwa kutanua miguu, navyo huchukua "on".

"Get along with" ni kuelewana na mtu. Waingereza husema pia "get on with". "Get over" ni kupona ugonjwa, au kuacha kuumia moyoni baada ya pigo. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho, na ukiambiwa mtu "gets by in French", ujue Kifaransa chake ni cha kuombea maji. "Get rid of" ni kuondoa kitu usichokitaka. "Get away with" ni kufanya kosa na kuponyoka bila adhabu. "Get round to" ni hatimaye kulifikia jambo ulilokuwa ukiliahirisha.

Kuwa macho na jozi hii: "I'll get back to you" ni nitakujibu baadaye. "I'll get back at you" ni nitalipiza kisasi. Kwenye barua pepe ya kazini hakikisha umeandika ya kwanza.

Mnaweza kuonyesha nyingi kwa pamoja?

Soma kifungu hiki: "By the time I got to the house it was getting dark. I'd got soaked, so I got changed, got the fire going and got my brother to ring the doctor, because I could feel I was getting a cold. He couldn't get through."

Kwa Kiswahili: "Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeanza kuingia. Nilikuwa nimelowa chapachapa, nikabadili nguo, nikawasha moto hadi ukashika, nikamwomba kaka ampigie daktari simu, maana nilihisi mafua yananianza. Simu haikupita."

"Get" zimetumika mara nane, na "pata" haikuhitajika hata mara moja. Jaribu kukirudisha kifungu hicho kwenye Kiingereza bila kutazama asili yake. Ni zoezi zuri kuliko kurasa nyingi za kujaza nafasi.

Mwalimu amenikataza kutumia "get" kwenye insha. Ana haki?

Ana haki nusu. Katika ripoti, barua rasmi na maandishi ya kitaaluma, "get" husikika ya kijiweni, na neno mahususi humsaidia msomaji zaidi. Barua hupokelewa: "receive". Kibali huombwa na kupatikana: "obtain". Hali hubadilika: "become". Watu hufika: "arrive" au "reach". Makosa huongezeka: "increase".

Lakini kuipiga marufuku kabisa ni kumdhulumu mwanafunzi. Anayezungumza na rafiki akasema "I obtained a new shirt" amejitenga na watu wanaomzunguka, na asiyeizoea "get" hataelewa nusu ya mazungumzo ya kawaida. Kinachofaa kufundishwa ni mahali pa kila neno, kama sisi tunavyojua lini tuseme "kufariki dunia" na lini "kufa" inatosha.

Inatamkwaje?

"G" ni ile ya "gari", kamwe si "j". Irabu ni fupi, na baada ya "t" pasiwe na kitu. Ukiongeza irabu umetamka "geti", nalo tumelipata kutoka "gate", neno lingine kabisa. Wamarekani huilainisha "t" inapokaa kati ya irabu, hivyo "get up" husikika karibu na "gedap". Kwenye maandishi, "getting" ina "t" mbili.

Neno limetoka wapi?

Kwa watu wa Skandinavia. Waliposhambulia na baadaye kuhamia Uingereza, kuanzia karne ya 8 na ya 9, waliingiza maneno yao mengi katika Kiingereza. "Take", "sky", "egg", "window" na hata "they" ni ya kwao. Kitenzi chao kilikuwa "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, lakini "g" yake ilikuwa imelainika na kusikika kama "y". "G" ngumu tunayoitamka leo ni urithi wa wageni hao.

Ule mzizi wa kale wa Kiingereza haukupotea. Umo ndani ya "forget", ambayo asili yake ni kupoteza ulichokuwa umekishika akilini, na ndani ya "beget", kuzaa, ambayo leo huonekana zaidi kwenye Biblia.

Kwa nini naona GET kwa herufi kubwa kwenye mambo ya kompyuta?

Hiyo ni amri ya HTTP, utaratibu unaotumiwa na kurasa za intaneti. Kivinjari chako kinapotaka kufungua ukurasa, hutuma ombi la GET, yaani "nipe ukurasa huu", kwenye seva (kompyuta inayotunza ukurasa huo), na seva hulijibu kwa kuutuma. Toleo la kwanza la utaratibu huo, la mwaka 1991, lilikuwa na amri hiyo moja tu. Maana hapa ni ya kuchukua na kuletewa, ileile ya "get me a chair".